RAM kwa prodyuza wa ala pepe: pima, punguza, ndipo uongeze

Mradi wenye violini, piano na kwaya ukianza kukwama, wengi hukimbilia kununua RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kuna wakati wako sahihi. Mara nyingi zaidi RAM iliyopo imejaa sampuli (rekodi za noti za ala) ambazo wimbo huo hautazigusa hata mara moja, na stiki mpya ya RAM huzipatia tu nafasi kubwa zaidi ya kukaa bure. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja: jua kwanza mgonjwa ni nani, punguza mzigo, pima tena, halafu ndipo ushike bisibisi.

Kinachokula RAM

Ala pepe, yaani ala zinazopigwa ndani ya kompyuta, ziko za aina mbili. Za kwanza hutengeneza sauti papo hapo kwa hesabu: sinthesaiza kama Serum na Diva, au Pianoteq, ambayo ni piano isiyo na rekodi ya piano ndani yake. Hizo huitesa prosesa na kuiacha RAM karibu ilivyo. Kama muziki wako wote umejengwa juu yake, GB 16 zinakutosha, na mengi ya yanayofuata hapa hayakuhusu.

Za pili hupiga rekodi. Kontakt, ala za Spitfire Audio, Opus ya EastWest, SINE ya Orchestral Tools, Synchron Player ya Vienna: zote kazi yake ni kuchukua sampuli iliyorekodiwa na kuilisha kwenye mradi wako kila unapobonyeza noti. Hapa ndipo RAM inapokwisha, na inafaa kuona kwa hesabu inavyokwisha.

Chukua piano ya kawaida. Ina vibonyezo 88, na kila kimoja kimerekodiwa kwa nguvu 16 tofauti za mguso, kuanzia mguso laini hadi kishindo. Hizo ni rekodi 1,408. Sauti ya stirio ya biti 24 kwa 44.1 kHz hula baiti 264,600 kila sekunde, kwa hiyo rekodi ya sekunde 10 ina karibu MB 2.6. Zidisha mara 1,408, unapata GB 3.7. Maktaba ikiwa na nafasi tatu za maikrofoni (karibu, katikati, mbali ukumbini), zimekuwa GB 11. Ongeza seti ya pili iliyorekodiwa pedali ikiwa imekanyagwa, umefika GB 22. Piano moja tu.

Bila shaka hakuna kompyuta inayobeba mzigo huo wote kwenye RAM, na haina haja. Plagini, yaani programu ya ala inayofunguka ndani ya programu ya kurekodia, hupakia kipande kifupi tu cha mwanzo wa kila sampuli. Ukibonyeza noti, kipande hicho hulia mara moja, na wakati kinalia plagini huenda kuchukua sehemu iliyobaki kutoka kwenye diski na kuitiririsha. Kontakt huanza na kipande cha kB 60 kwa kila sampuli. Kwa piano yetu ya maikrofoni moja, hizo ni kama MB 84 badala ya GB 3.7.

Kwa nini 60? Kipande cha kB 60 hudumu kidogo chini ya robo ya sekunde. Diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka huhitaji takriban milisekunde 10 kupeleka kichwa chake kwenye kila faili. Piga kodi (noti zinazolia pamoja) ya noti kumi kwenye piano yenye maikrofoni mbili, na diski inatakiwa kufikia faili 20, yaani milisekunde 200 za kuhangaika kabla faili zote hazijaanza kusomwa. Robo ya sekunde inatosha, kwa shida. SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka, hufikia faili kwa sehemu ndogo ya milisekunde, kwa hiyo kazi hiyo hiyo huimaliza haraka mno na kipande cha kB 12, ambacho hudumu milisekunde 45 hivi, kinaitosha. Shika hesabu hii, kwa sababu ndiyo itakayokurudishia RAM nyingi bila kununua chochote.

Hatua ya kwanza: mtambue mgonjwa

Studio ya ala pepe ina vitu vitatu vinavyoweza kuzidiwa: prosesa, diski na RAM. Dalili zake hufanana ukisikiliza haraka haraka, lakini ukitulia zinatofautiana.

Prosesa ikizidiwa, unasikia mikwaruzo na mipasuko kila mahali, na inaongezeka plagini zinapokuwa nyingi. Jaribio lake ni rahisi: panua bafa ya sauti, yaani kipande cha sauti ambacho prosesa huandaa kwa mpigo, kutoka sampuli 128 hadi 1024 (sampuli hapa ni vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde kwenye 48 kHz, si rekodi za ala). Mikwaruzo ikitoweka, RAM haina kosa. Kwenye 48 kHz umeipa tu prosesa milisekunde 21 za kufanya kazi badala ya 2.7, na hicho ndicho ilichokuwa inalilia. Wengi huchanganya bafa hii na RAM kwa sababu zote zinazungumzia "kuhifadhi", ilhali hazihusiani kabisa. Ikiwa unatumia Windows na mikwaruzo inaendelea hata kwenye mradi mwepesi, endesha LatencyMon, programu ya kupima ucheleweshaji ndani ya Windows, kabla ya kulaumu kifaa chochote. Huenda ni draiva mbovu ya Wi-Fi au ya kadi ya picha.

Diski ikizidiwa, noti hukatika katikati au hazilii kabisa, hasa kwenye kodi nzito na mwanzoni mwa kibwagizo ambapo kila kitu kinaingia kwa mpigo. Prosesa inaonekana imetulia. Kontakt ina kipimo cha diski juu ya dirisha lake. Kikiruka noti zinapokatika, umempata.

RAM ikiisha, mashine nzima hulegea. Kubadili dirisha huchukua sekunde kadhaa, mradi hugoma kufunguka au programu hufunga yenyewe wakati wa kupakia ala, na taa ya diski haizimi hata ukiwa hujabonyeza kitu. Hapo mfumo umeanza kuhamishia data za RAM kwenye diski ili kupata nafasi.

Sasa thibitisha kwa namba. Fungua mradi wako mzito kuliko yote, ucheze mwanzo hadi mwisho, kisha:

Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, halafu Memory. Namba ya "In use" usiiache ikudanganye. Tazama zaidi "Committed". Ile ya kushoto ni kumbukumbu ambayo programu zimeahidiwa, ya kulia ni RAM pamoja na faili la diski linaloisaidia. Ya kushoto ikizidi RAM uliyonayo, uko ukingoni. Kisha fungua Resource Monitor, kwenye Memory, uangalie "Hard Faults/sec" wakati wimbo unacheza. Kuruka mara moja moja si neno. Mstari unaobaki juu muda wote wa kibwagizo ndio ushahidi.

Kwenye Mac fungua Activity Monitor, kwenye Memory. macOS hupenda kujaza RAM yote hata pasipo na haja, kwa hiyo "Memory Used" haikwambii mengi. Tazama grafu ya "Memory Pressure" chini: kijani ni salama, njano ni onyo, nyekundu ni tatizo. Tazama pia "Swap Used". GB moja iliyokaa pale bila kusogea haina madhara. Inayopanda kadiri wimbo unavyocheza ndiyo ya kuogopa.

Andika namba hizo mahali. Utazihitaji utakapopima tena.

Hatua ya pili: punguza, ukianzia penye faida kubwa

Watu wengi huanza na kufunga kivinjari. Kifunge, kweli, tabo 30 hula GB kadhaa. Ila faida halisi iko ndani ya mradi wenyewe.

Anza na maikrofoni. Kila nafasi ya maikrofoni unayoiwasha ni nakala nyingine kamili ya sampuli zote za ala hiyo. Maktaba za okestra huja na nafasi tatu, tano, hata zaidi, na nyingine hufunguka zikiwa na zaidi ya moja imewashwa. Wakati wa kutunga hakuna anayehitaji zaidi ya moja. Zima zilizobaki, uziwashe wakati wa kumiksi ukiona haja. Hakikisha umezizima kwa kitufe cha kuwasha na kuzima, usishushe sauti tu: kishale cha sauti kikiwa sifuri, sampuli bado zimekaa kwenye RAM. Kwenye SINE unaweza hata kuchagua usipakue kabisa maikrofoni usizozitaka, na hapo unaokoa diski pia.

Zinafuata namna za upigaji. Faili moja la violini linaweza kubeba legato, stakato, pizikato, tremolo, trili na nyingine kumi, zote zimepakiwa zikisubiri ubonyeze noti ya kubadilishia. Kama wimbo unatumia legato na pizikato tu, ondoa zilizobaki. Legato huwa nzito kuliko zote kwa sababu inabeba rekodi za mpito kati ya noti na noti. Traki inayopiga noti fupi fupi tu haina sababu ya kuibeba.

Halafu safisha sampuli zisizopigwa. Hapa ndipo ninapomshangaa mtu anayelalamikia RAM na hajawahi kufungua menyu ya Purge kwenye Kontakt. Iko juu ya kila ala, na ipo pia ya jumla kwa ala zote za dirisha hilo. Njia yake ni hii:

1. Fungua Purge ya ala husika, chagua "Reset Markers". Kontakt inaanza kuhesabu upya sampuli zilizotumika.
2. Cheza wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka sehemu.
3. Rudi kwenye Purge, chagua "Update Sample Pool". Kila sampuli ambayo haikuguswa inatolewa kwenye RAM.

Tazama namba ya kumbukumbu iliyoandikwa kwenye kichwa cha ala kabla na baada. Piano iliyopiga oktavu mbili kwa mguso wa wastani itabaki na sehemu ndogo tu ya mzigo wake, kwa sababu vibonyezo vyote vya besi, vya juu kabisa, na tabaka zote za kishindo vimeondoka. Sauti ya wimbo haibadiliki hata chembe. Ukibadilisha melodi baadaye, "Reload All Samples" hurudisha kila kitu.

Kuna pia njia ya kinyume, ninayoipenda zaidi kwa violezo vikubwa (miradi iliyopangwa ala tayari kabla ya kuanza wimbo): chagua "Purge All Samples" mara tu unapopakia ala, uhifadhi hivyo. Ala inafunguka ikiwa tupu, na kila noti unayoipiga huingia RAM yenyewe. Mara ya kwanza noti inaweza kuchelewa au isilie, ya pili iko sawa. Kabla ya kurekodi sauti ya mwisho, cheza wimbo mara moja ili kila kitu kiwe kimeshaingia. Synchron Player na wengine wana vitu vya aina hiyo kwa majina tofauti.

Sasa rudi kwenye ile hesabu ya kB 60. Kama maktaba zako ziko kwenye SSD, ingia Options za Kontakt, sehemu ya Memory, uwashe kigezo cha kupuuza ukubwa uliowekwa ndani ya ala, kisha ushushe. Usiruke moja kwa moja hadi chini kabisa. Weka 24, fungua mradi upya, cheza sehemu yenye msongamano. Ikiwa safi, weka 12. SSD ya NVMe, ambayo ni aina ya kasi zaidi, huweza kushuka hata 6 bila kulalamika. Noti zikianza kukatika, panda hatua moja. Programu ya Spitfire ina kigezo kama hicho kwenye mipangilio yake, na kanuni ni ile ile. Kutoka 60 hadi 12 ni kubakiza sehemu moja kati ya tano ya mzigo wa vipande vya mwanzo, kwa ala zote kwa mpigo, na hakuna stiki ya RAM inayokupa hilo kwa dakika tano za kazi.

Lakini kama maktaba bado ziko kwenye diski inayozunguka, usiguse kigezo hicho. Hapo ununuzi wako wa kwanza ni SSD, na RAM itasubiri. SSD ya SATA, aina ya kasi ya chini, ya kama MB 550 kwa sekunde inatosha vizuri: hata sauti 300 zinazolia kwa pamoja hudai karibu MB 80 tu kwa sekunde. Iweke iwe diski ya peke yake, tofauti na ile yenye mfumo. RAM ikijaa, mfumo huandika kwenye diski yake, na sampuli zikiwa kwenye diski hiyo hiyo vitu viwili vinagombea mlango mmoja. SSD ya nje kwenye USB 3 nayo hufanya kazi hii bila shida.

Mwisho, lemaza traki zisizotumika. Programu za kurekodia Cubase, Studio One na Logic zote zinaruhusu kuizima traki kabisa mpaka ala yake itoke kwenye RAM. Kwenye programu ya Reaper, hilo huitwa kuiweka ofulaini. Kunyamazisha traki hakufanyi hivyo. Kuigandisha nako usikuamini moja kwa moja: kugandisha huipumzisha prosesa, lakini sampuli zinaweza kubaki pale pale. Cubase ina kisanduku maalumu cha kuondoa ala ikishagandishwa, na lazima ukichague. Watunzi wenye violezo vya traki mamia hufanya kazi hivi: kila kitu kimelemazwa, unawasha violini unapozihitaji, mradi unafunguka haraka na RAM inabeba yale tu unayoyasikia.

Neno moja kuhusu plagini za kale. Plagini au programu ya biti 32 haiwezi kuona zaidi ya GB 4 hata ukiipa mashine yenye GB 64. Kwenye Mac zilikufa na Catalina mwaka 2019. Kwenye Windows bado zinaendeshwa kwa madaraja, yaani programu za kuziunganisha na zile za biti 64. Tafuta toleo la biti 64.

Na usizime faili la diski linaloisaidia RAM kwenye Windows, hata ukisoma mahali kwamba linaongeza kasi. Programu za muziki huomba kumbukumbu nyingi kuliko zinavyotumia, na bila faili hilo ombi hukataliwa na mradi hufunga wakati RAM bado ina nafasi.

Hatua ya tatu: pima tena, amua kiasi

Rudia vipimo vya mwanzo kwenye mradi ule ule. Wengine mtaishia hapa.

Kama bado umebanwa, chukua namba ya juu kabisa ya "Committed" baada ya kupunguza, kisha lenga RAM ambayo itakuachia robo tupu. Tuseme mfumo na vitu vyake vidogo vidogo ni GB 5, na mradi mzito ni GB 21. Jumla 26. GB 32 zitabana, kwani robo tupu inadai karibu 35. Nenda 64, au 48 kama mashine yako ni ya DDR5 (kizazi cha RAM kilichofuata DDR4), ambayo ina stiki za GB 24.

Maoni yangu kwa anayeanza bila mradi wa kupimia: GB 16 kwa biti za muziki, sinthesaiza na ngoma, 32 kwa anayechanganya hayo na piano nzuri na nyuzi, 64 kwa anayeandika okestra. GB 128 zinawafaa wenye kiolezo kizima kilichowashwa muda wote na maikrofoni kadhaa kwa kila ala. Hapo ndipo pia penye ukomo wa Windows 11 Home. Kupita hapo unahitaji Pro.

Kasi ya RAM isikunyime usingizi. Stiki ya DDR4-3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde kwenye chaneli moja (njia moja kati ya RAM na prosesa). Sauti 500 za 48 kHz zinadai MB 144. Ni chini ya asilimia moja. Pesa ya stiki zenye taa na namba kubwa iongezee kwenye GB.

Hatua ya nne: jua mashine yako inakubali nini

Mac zenye chipu za Apple, kuanzia M1 ya mwaka 2020, hazifunguliwi kuongezwa RAM. Kumbukumbu yake iko pamoja na chipu, na uliyonunua ndiyo utakayozeeka nayo. Anayetaka mojawapo aamue siku ya kununua, na akumbuke kuwa kumbukumbu ya kuchorea picha kwenye skrini nayo hutoka kwenye fungu hilo hilo. Laptopu nyingi nyembamba za Windows zina RAM iliyochomelewa vilevile. Jina LPDDR kwenye maelezo yake kwa kawaida ndiyo alama. iMac za inchi 27 za Intel zilikuwa na kifuniko cha RAM nyuma, na kuiongeza ni kazi ya dakika chache.

Kwa mashine nyingine, dirisha lile lile la Memory kwenye Task Manager huonyesha sloti ngapi zimejazwa kati ya ngapi, pamoja na kasi. CPU-Z, ambayo ni ya bure, hueleza zaidi kwenye ukurasa wa SPD: aina, ukubwa na mtengenezaji wa stiki iliyo katika kila sloti. Kisha fungua kitabu cha mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) au tovuti ya mtengenezaji uone ukomo wa jumla na ukomo kwa kila sloti.

Aina hazichanganyiki. DDR4 na DDR5 za kompyuta ya mezani zote zina pini 288, lakini pengo la katikati liko mahali tofauti na stiki haiingii. Usilazimishe. Za laptopu ni fupi: DDR4 ina pini 260, DDR5 ina 262. RAM zilizotolewa kwenye seva, zile zinazoitwa registered, huuzwa kwa bei ya kuvutia na hazifanyi kazi kwenye kompyuta za kawaida.

Nunua jozi moja iliyofungwa pamoja kiwandani. Stiki mbili za GB 32 ni bora kuliko nne za 16, hasa kwenye DDR5, ambako kujaza sloti zote nne mara nyingi huilazimisha mashine kushusha kasi na wakati mwingine kugoma kuwaka. Pia unabakiza sloti mbili za kesho. Kuchanganya stiki mpya na ya zamani kunawezekana, na zote zitafuata mwendo wa iliyo polepole. Kwa mashine ya kazi za watu sipendekezi: ikianza kujifunga yenyewe usiku wa kukabidhi kazi, utatumia muda mwingi kutafuta stiki ipi haielewani na ipi.

Hatua ya tano: kufunga stiki

Hifadhi miradi nje ya mashine. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa stiki, na uishike kwa kingo zake. Kwenye laptopu, chomoa kwanza plagi ya betri mara tu unapofungua kifuniko.

Stiki mbili kwenye mazabodi ya sloti nne kwa kawaida huingia ya pili na ya nne, ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu cha mazabodi huziita A2 na B2. Ukiziweka kando kwa kando, mazabodi nyingi zitaendesha chaneli moja badala ya mbili. Fungua vibanio, linganisha pengo na kinundu cha sloti, kisha sukuma ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka vibanio vijifunge vyenyewe kwa mlio. Inahitaji nguvu zaidi ya unavyodhani. Stiki iliyoingia nusu ndiyo sababu kubwa ya skrini kubaki nyeusi. Ya laptopu huingia kwa mshazari, kisha unailaza hadi vishikizo vya pembeni viibane.

Washa. Kama ni DDR5, tulia. Mara ya kwanza mashine huzijaribu stiki na skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa huku feni zinazunguka. Ukikata umeme katikati, itaanza upya.

Ikiwaka, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla Windows haijafunguka) uhakikishe imeona kiasi chote, halafu uwashe kigezo cha kasi ya RAM, XMP kwa Intel au EXPO kwa AMD, la sivyo stiki zitaenda kwa kasi ya chini ya kiwandani. Mashine ikiyumba baadaye, zima kigezo hicho kwanza. Umeshaona kuwa kwa kazi hii kasi haina uzito.

Kabla ya kufungua mradi wowote, endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi. Toleo la bure hufanya mizunguko minne na huchukua saa kadhaa, kwa hiyo liache usiku. Kosa moja tu linatosha kurudisha stiki dukani. RAM mbovu kwenye studio haionekani mara moja: huja kama ala inayogoma kupakia leo na kukubali kesho, au mradi unaofunga mahali pale pale bila sababu.

Pale mashine isipoongezeka

Umebaki na laptopu iliyochomelewa na violini bado hazitoshi. Chukua kompyuta ya pili, hata ya zamani, mradi ina sloti za RAM na SSD, ufanye ndiyo mbeba sampuli. Vienna Ensemble Pro hupakia ala kwenye mashine hiyo, ikapokea MIDI (maelezo ya noti unazopiga) na kurudisha sauti kupitia waya wa mtandao. AudioGridder hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, ni ya bure na chanzo chake kiko wazi. Traki moja ya stirio ya biti 32 kwa 48 kHz hudai takriban megabiti 3 kwa sekunde, kwa hiyo waya wa gigabiti moja hubeba okestra nzima bila kutoka jasho.

Tumia waya. Wi-Fi huchelewesha kwa kiasi kinachobadilika badilika, na hakuna bafa itakayolificha hilo. Zipe mashine zote mbili anwani za IP zisizobadilika ili mradi usiipoteze seva kila unapowasha ruta, na uongeze bafa kidogo kwenye muunganisho kama noti za haraka zinakatika au kudondoka.

Hata kwa mashine moja Vienna Ensemble Pro ina faida yake: ala hukaa nje ya programu ya kurekodia, kwa hiyo unafunga wimbo mmoja na kufungua mwingine bila kupakia violini zile zile upya. RAM inayoliwa ni ile ile, ila muda wa kupakia unaulipia mara moja tu kwa siku.